Kitalu cha migomba Kigoma: namna ya kuzuia banchi topu isitoke na miche unayouza

Wakuu, kila ikikaribia mvua za Oktoba na Novemba maswali ni yaleyale. Nimeanzisha kitalu cha migomba, nitajuaje miche yangu ni safi? Nikichemsha matunguu, yale mashina ya mgomba yanayokaa chini ya udongo, si virusi vinakufa? Naweza kuchukua machipukizi kwa shemeji yangu Manyovu, kule Buhigwe, nikayaleta Kasulu? Nimeona bora niandike yote sehemu moja, mtu akiuliza tena anatumiwa hii.

Nawaandikia hasa wenye vitalu vidogo, wale wa miche 200 mpaka 2,000 nyuma ya nyumba, Kasulu, Buhigwe, Kibondo, Kakonko mpaka Uvinza. Nyie ndo mnalisha mashamba ya watu wengi kuliko mnavyodhani na nyie ndo mnaweza kuuzuia huu ugonjwa wa banchi topu, serikali peke yake haiwezi kusimama kwenye kila njia ya bodaboda.

Ugonjwa wenyewe kwa kifupi

Banchi topu ni ugonjwa wa virusi. Mgomba unadumaa, majani mapya yanatoka membamba, mafupi, yamesimama wima na kubanana juu, kingo zinakuwa za njano, na mara nyingi hauzai kabisa. Dawa hakuna. Mgomba ukishaupata basi shina zima na watoto wake wote wanao, hata yule ambaye bado anaonekana mzuri. Wenzetu wa Burundi wanahangaika nao bonde la Rusizi tangu miaka ya 1980, na hapa kwetu ulithibitishwa Buhigwe, wilaya inayopakana nao.

Unasambaa kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni vidukari vyeusi vya migomba, vile vidudu vidogo vinavyojificha chini ya magamba ya shina karibu na udongo na kwenye jani changa lililojikunja, ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mgomba chunguza hapo. Ya pili ni miche yenye ugonjwa. Sasa sikiliza hii maana ndo sababu ya mwongozo mzima: utafiti uliofanyika Australia ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya maambukizi mapya yalikuwa ndani ya mita 20 kutoka kwenye mgomba mgonjwa, na asilimia 99 ndani ya mita 86. Yaani kidukari hafiki mbali. Anayeuvusha ugonjwa kutoka wilaya hadi wilaya ni mtu, na mzigo wa machipukizi nyuma ya pikipiki.

Hao Australia miaka ya 1920 kilimo chao cha ndizi kilikuwa kimeporomoka kabisa kwa ugonjwa huu. Walichofanya hakikuwa dawa, ilikuwa sheria: wakaguzi wanapita mashambani, mgomba mgonjwa unang'olewa, na hakuna kuhamisha machipukizi bila kibali. Kilimo kikarudi. Kwa hiyo inawezekana.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Sehemu ya kitalu ambayo haina migomba karibu, ukipata mita 100 kila upande vizuri sana. Najua Heru Juu na Buhigwe nyumba zimezungukwa na migomba, hapo itabidi utegemee neti na ukaguzi zaidi
- Neti ya kuzuia wadudu, yenye matundu madogo sana. Neti nyeusi ya kivuli haizuii kidukari, anapita kama hakuna kitu, usidanganywe dukani
- Nailoni nyeupe ya kufunikia kitanda cha kuotesha, na miti au mianzi ya kujengea
- Unga wa mbao kutoka kwa mafundi seremala (usiwe wa mbao zilizopigwa dawa), pipa na kuni za kuuchemshia
- Viriba, udongo wa msitu na samadi iliyoiva
- Visu viwili au vitatu, panga, jiki, ndoo
- Daftari gumu na kalamu, vibao au vipande vya plastiki vya kuandikia namba
- Namba ya simu ya afisa kilimo wa kata yako. Hii usiiruke, utaihitaji

Hatua kwa hatua

1. Jitambulishe kwanza. Nenda kwa afisa kilimo wa kata, mwambie unataka kuzalisha miche ya migomba ya kuuza. Atakuelekeza TOSCI, ile taasisi ya uthibitisho wa mbegu iliyoko kwa Sheria ya Mbegu ya 2003, na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020. Wengi wanaogopa wakisikia mkaguzi, wanafikiri anakuja kufunga biashara. Mkaguzi akija mapema kabla hujauza anakuokoa wewe, maana akija baada ya mashamba ya wateja wako kuanza kudumaa hapo hamna cha kuongea. Uliza pia kama kata yako au kata unayotaka kuchukulia mbegu imewekewa zuio la kuhamisha miche, haya mambo yanabadilika kila msimu kwa hiyo usitegemee alichokuambia mtu mwaka jana.

2. Chagua mashina mama, yale utakayochukulia mbegu, na usiwe na haraka. Hapa ndo pa kutumia muda wako mwingi. Kosa la hatua hii halirekebishiki na hatua yoyote inayofuata.

Tafuta shamba ambalo kila shina umeliona likizaa. Usichukue mbegu kwenye shamba ambalo lina hata mgomba mmoja wenye dalili, hata kama uko kona ya mwisho na wewe unachukua kona hii. Pita shamba zima na mashamba yanayopakana, sio shina unalolitaka tu. Rudia ukaguzi mara kadhaa kwa miezi miwili mitatu kabla ya kuchimba, kwa sababu mgomba unaweza kuambukizwa leo na dalili zikaonekana baada ya wiki kadhaa, na kipindi cha baridi, Juni na Julai huku juu milimani, mgomba unatoa majani polepole kwa hiyo dalili zinachelewa zaidi.

Namna ya kukagua: angalia jani la pili au la tatu kutoka juu. Shika kikonyo, kile kishikio cha jani. Utaona kina unga mweupe kama nta, ufute kwa kidole gumba mpaka ngozi ya kijani ionekane, watu wengi hawafuti na ndo maana hawaoni kitu. Chini ya ule unga kama mgomba unaumwa utakuta nukta na vistari vya kijani kibichi iliyokolea vimepangana kufuata urefu wa kikonyo, nukta, kistari, nukta nukta, kistari. Halafu geuza jani, lielekeze kwenye mwanga wa jua uliangalie kwa upande wa chini. Vile vimishipa vidogo vinavyotoka pembeni kuingia kwenye mshipa mkubwa wa katikati, vikiwa na rangi ya kijani iliyokolea na vinajikunja kama ndoano pale vinapoungana na mshipa mkubwa, hiyo ni banchi topu, usibishane nayo. Fanya hivi asubuhi au jioni jua likiwa la upande, saa sita mchana mwanga ni mkali mno huoni vizuri.

Kila shina mama ulilolikubali lipe namba, mfano K3, lifunge kibao, andika daftarini: tarehe, mwenye shamba, kijiji, aina ya ndizi.

3. Usivushe mpaka. Machipukizi kutoka Burundi yasije bila kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea kutoka kule yanakotoka, na kusema ukweli kwa mkulima mdogo jibu ni moja tu, usilete. Hata kama ni ndugu yako kakupa bure na hata kama ni aina nzuri ambayo huku haipo. Na kutoka Buhigwe kwenda wilaya nyingine vilevile, mpaka afisa aseme eneo hilo ni salama. Ukitaka aina mpya, uliza TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo. Kihinga ndo kituo chetu hapa Kigoma ingawa wamezoeleka zaidi kwa michikichi, na Maruku kule Kagera ndo wenye uzoefu mkubwa wa migomba. Wakikupatia miche ya chupa, ile inayokuzwa maabara, iliyopimwa virusi, hiyo ndo mbegu mama bora kuliko zote. Ila na yenyewe ikitoka maabara sio kwamba ina kinga, ukiipanda karibu na mgomba mgonjwa vidukari vitaimaliza vilevile.

4. Chimba na menya shambani. Chagua chipukizi lenye majani membamba, lile la sime, sio lenye majani mapana. Ling'oe na tunguu lake, kata mizizi yote, menya ngozi ya nje mpaka tunguu liwe jeupe. Ukikuta mashimo ya fukusi yameingia ndani achana nalo. Magamba na majani yote yabaki hukohuko shambani kwa sababu vidukari vimejificha humo, ukibeba chipukizi na magamba yake umebeba na vidukari.

Kisu kikitoka shina moja kwenda jingine kisafishe. Jiki sehemu moja kwa maji sehemu tano, au kipitishe kwenye moto mpaka kiwe cha moto haswa. Hapa niweke sawa jambo moja linalochanganya watu: banchi topu haiambukizwi na panga wala udongo wala maji. Ila mnyauko bakteria, ule unyanjano uliogunduliwa Kagera katikati ya miaka ya 2000, huo unaambukizwa na panga vizuri sana. Kwa kuwa kwa macho huwezi kujua shamba la mtu lina nini, safisha kisu kila mara.

5. Tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Hesabu kabisa, toa, acha lipoe. Hii inaua minyoo na mayai ya fukusi. Haiui virusi. Narudia kwa sababu hili ndo swali namba moja: maji ya moto, majivu, jiki, dawa ya dukani, hakuna kati ya hivyo kinachotoa virusi ndani ya tunguu. Tunguu lenye virusi likitoa miche 20, ni miche 20 migonjwa. Na ndo hatari ya kitalu, kinazidisha kizuri na kibaya kwa kasi ileile.

6. Otesha kwenye kitanda cha nailoni. Chemsha unga wa mbao kwenye pipa, upoe, jaza kitandani. Toa mabaki ya magamba kwenye tunguu moja moja mpaka macho yaonekane, kata msalaba kwenye moyo wa katikati ili usiote peke yake, yapange, funika na unga wa mbao, mwagilia, funga nailoni. Ndani ya wiki tatu nne hivi yanaanza kuchipua. Matunguu ya shina mama moja yakae pamoja na kibao chao. Usichanganye. Ukichanganya hapa, namba zote ulizoandika hatua ya pili zimekuwa kazi bure.

7. Hamishia kwenye viriba ndani ya neti. Mlango uwe na pazia mara mbili. Usiingie kitaluni ukitoka kupalilia shamba la migomba na nguo zilezile, vidukari vinashika kwenye nguo. Ng'oa magimbi, tangawizi na iliki kuzunguka kitalu maana na zenyewe zinafuga vidukari wa jamii hiyohiyo. Viriba vya kila shina mama vikae mstari wao na namba yao.

8. Weka karantini yako mwenyewe. Mche usitoke kitaluni kabla haujatoa majani mapya manne mpaka matano ukiwa kwenye kiriba. Kwa kawaida ni kama miezi miwili, wakati wa baridi zaidi. Najua wateja wanakuja na hela mkononi mvua imeshaanza na wewe unadaiwa ada za watoto. Usiuze. Majani hayo mapya ndo yanakuonyesha kama kuna virusi ndani, mche wa majani mawili hauwezi kukuambia chochote.

9. Kagua kila wiki. Siku moja maalum, mimi napendekeza Jumamosi asubuhi. Mche mmoja mmoja, geuza jani, futa kikonyo, chungulia kwenye jani changa lililojikunja kama kuna vidukari. Andika hata kama hujaona kitu, "12/10, mstari K3, miche 48, safi". Mkaguzi akija hicho ndo kitu cha kwanza atakachoomba.

10. Uza kwa kuandika. Kila mteja: jina, kijiji, simu, tarehe, idadi, na namba ya shina mama. Mpe na yeye karatasi yenye namba hiyo. Mfano K3 ikija kugundulika ina shida miezi sita baadaye, unafungua daftari unajua miche ile 48 ilienda kwa nani na nani, unawapigia wang'oe kabla vidukari havijaanza kazi. Bila daftari hapo ugonjwa umeshapotelea vijijini na hakuna wa kuufuata.

Makosa ninayoyaona kila msimu

Kuongezea miche ya kununua. Oda ni 500, wewe una 380, unaenda kwa jirani kuchukua 120 unachanganya. Hapo umeuza jina lako. Mwambie mteja zipo 380 tu, nyingine asubiri.

Kuona mche mmoja mgonjwa ukautoa huo mmoja tu. Ndugu yake wa tunguu moja lazima naye anao, na wote wa shina mama hilo ni washukiwa.

Kufyeka mgomba mgonjwa ukiwa na vidukari hai. Ukiufyeka tu, vidukari vinakosa chakula vinahamia wa jirani na virusi mdomoni, na kidukari akishabeba virusi anabaki navyo maisha yake yote.

Kuamini mgomba kwa sababu mwenye shamba ni mzee unayemheshimu. Muombe kwa adabu ukague, wazee wengi ukiwaeleza sababu wanakuelewa na watakuomba uwakagulie shamba zima.

Ukikwama

*Majani ni ya njano lakini sioni nukta.* Inaweza kuwa njaa ya mbolea au kiu. Weka samadi, mwagilia, tenga mche pembeni ndani ya neti, angalia majani mawili yanayofuata. Yakitoka mapana na ya kawaida uko salama. Yakitoka membamba na yamesimama, chukulia ni mgonjwa.

*Mgomba umenyauka, ndizi zimeiva kabla ya wakati, ukikata unatoa usaha wa njano.* Hiyo sio banchi topu, hiyo ni mnyauko bakteria. Usichukue mbegu hapo, toa taarifa vilevile.

*Nimekuta vidukari kitaluni ila hakuna dalili.* Puliza maji ya sabuni yafike mpaka kwenye mikunjo ya jani na chini ya magamba, rudia baada ya siku chache, kama vinaendelea muulize afisa kilimo dawa iliyosajiliwa. Tafuta vimeingilia wapi, mara nyingi ni tundu kwenye neti au mlango. Halafu anza upya kuhesabu muda wa karantini kwa kitalu chote, ndiyo, chote.

*Nimekuta mche wenye nukta na vistari.* Simamisha mauzo siku hiyohiyo. Piga picha ya kikonyo na ya jani kwa nyuma. Mpigie afisa kilimo, sampuli ikipelekwa maabara kwa kipimo cha PCR, kile kinachotafuta vinasaba vya virusi, ndo inathibitisha. Usimpelekee mkononi jani bichi kwa kupita nalo sokoni. Ukiambiwa uteketeze: ua vidukari kwanza kwa maji ya sabuni au dawa, subiri vife, ndipo ung'oe miche yote ya namba hiyo, katakata vipande vidogo, choma au fukia hapohapo. Kisha rudi kwenye shina mama. Kwa mgomba mkubwa shambani ni vilevile, mimina mafuta ya taa kidogo kwenye moyo wake kuua vidukari, halafu chimba shina zima na matunguu yote, ukiacha kipande cha tunguu kitachipua na kitachipua na ugonjwa. Pita hapo kila baada ya wiki chache ung'oe kinachoota.

*Mteja amepiga simu anasema migomba yake inadumaa.* Usijitetee kwenye simu. Muulize namba iliyoko kwenye karatasi, nenda kesho yake ukiwa na afisa kilimo, kagua na mashamba ya jirani yake kwa sababu inawezekana ugonjwa ulikuwepo pale kabla ya miche yako. Kama ni miche yako, fungua daftari uwapigie wengine wote wa namba hiyo kabla hujarudi nyumbani.